Siku Tatu Juani: Kisa cha Chupa 24 za Achari ya Embe

Nyumba moja ya Kisauni, Mombasa, hutia achari ya embe kila mwaka. Januari ilitia ndoo moja ya embe dodo mbichi, na achari ile ikaliwa mpaka ikaisha bila hata chupa moja kuharibika. Mwezi wa Juni, msimu mdogo wa pwani ulipofika na embe za ngowe zikashuka bei katika soko la Kongowea, nyumba ile ile ilitia tena kwa mapishi yale yale. Zikatoka chupa 24 za gramu 400. Siku ya tisa, chupa 8 zilikuwa zimefura vifuniko. Ukifungua zinafoka povu na kunuka kama tembo changa la mnazi. Kufikia wiki ya tatu, nyingine 9 zilikuwa na ukungu wa kijani na kijivu juu. Zilizobaki 7 hazikuwa na dalili yoyote.

Achari inayozungumziwa hapa ni ile ya mafuta, ya kuliwa kwa wali na pilau. Zile kavu nyekundu za kwenye vikaratasi, wanazonunua watoto nje ya shule, zina sukari nyingi na zina mambo yake.

Ilivyotiwa

Embe zilioshwa, zikafutwa, zikakatwa na maganda yake, kokwa zikatolewa. Vipande vilifika kilo 11. Mapishi ya nyumba yanasema vikombe vitano vya chumvi ya mawe kwa ndoo, lakini safari hii vilitiwa vitatu kwa sababu mzee wa nyumba ana presha. Vipande vikapakwa manjano, vikalala na chumvi usiku mmoja, asubuhi vikachujwa. Maji yaliyotoka hayakumwagwa.

Kisha vikaanikwa. Sinia tatu ziliwekwa juu ya mabati ya jiko la nje, zikifunikwa kwa kipande cha chandarua, maana kunguru wa Mombasa hawaachi kitu. Sinia hizi ziliteremshwa kila Magharibi zikaingizwa jikoni. Vipande vingine vilitandazwa juu ya mkeka uani, na usiku vilifunikwa shuka vikaachwa barazani. Mvua ilinyunya kidogo siku ya pili, lakini mkeka uliwahiwa.

Siku ya tatu mkaza mwana alivigusa vya mkeka, akasema, "Mama, hivi bado vina maji." Akajibiwa, "Mwanangu, siku tatu ni siku tatu. Tangu bibi yako ni hivyo hivyo."

Vikachanganywa na haradali, uwatu, pilipili ya unga na bizari nzima, vikatiwa chupani, mafuta yakamiminwa. Vya sinia ndivyo vilivyotangulia. Mafuta yalipoelekea kuisha, chupa za katikati zikatiwa nusunusu. Zile 8 za mwisho ziliongezwa yale maji ya chumvi yaliyohifadhiwa, "ili ladha isipotee".

Washukiwa wa kwanza

Lawama iliangukia mafuta, kwa kuwa yalinunuliwa duka jipya, kisha chupa. Yote mawili yanaondoka haraka. Mtungi mmoja wa mafuta ndio uliotumika kwa chupa zote 24, na chupa zote zilichemshwa pamoja katika sufuria moja. Kilichoharibu chupa 17 na kuziacha 7 lazima kiwe kitu ambacho zile 7 hazikushiriki. Zile 7 ndizo zilizojazwa kwa vipande vya juu ya mabati.

Chupa zilikuwa na kasoro moja ndogo tu: zilipinduliwa juu ya meza zikauke zenyewe, na wakati wa masika tone la maji halikauki ndani ya chupa hata ukesha. Chupa ikitoka kwenye maji yanayochemka (dakika 10 zinatosha) ipitishwe juu ya jiko la moto mdogo au iwekwe kwenye oveni vuguvugu mpaka isikike kavu kwa kidole. Vifuniko vyenye karatasi ndani havifai kurudiwa, karatasi ile hunywa maji na kulea ukungu.

Pepo zimegeuka, mapishi hayajui

Mapishi ya nyumba hii ni ya kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, mvua ni haba kabisa Januari na Februari, na jua la saa saba mchana hukausha kipande cha embe ukikitazama. Kuanzia Aprili upepo hugeuka kuwa kusi, masika huingia, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Juni mvua hupungua, lakini mawingu yapo na hewa bado ni nzito. Bahati mbaya ya pwani ni kwamba embe huzaa misimu miwili, na msimu mdogo wa Mei hadi Julai huangukia humo humo.

Hapa kuna jambo ambalo kila jiko la Mombasa limeliona bila kulipa jina. Chumvi iliyo kwenye kopo hulowa na kutoa maji wakati wa masika, na Februari ni kavu. Chumvi ya kula ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, huanza kunyonya maji kutoka hewani hadi iyeyuke. Chini ya hapo huyaachia. Usiku wa Juni kando ya bahari unyevu hupita mpaka huo kwa mbali. Kwa hiyo kipande cha embe kilichopakwa chumvi na kuachwa barazani usiku hakikauki polepole kama mtu anavyodhani, kinakunywa umande. Mchana kinatoa maji, usiku kinayarudisha. Siku tatu zikawa kama siku moja na nusu, au pungufu yake.

Shuka iliongeza tatizo. Kitambaa cha pamba hushika unyevu na kuulaza juu ya vipande, na mkeka juu ya sakafu ya saruji hupata baridi kutoka chini. Mabati kinyume chake: hupata moto hata jua likiwa nyuma ya wingu jembamba, na sinia iliyoingizwa jikoni, ambako jiko la makaa lilikuwa bado na vuguvugu, ililala mahali pakavu kuliko baraza. Hakuna aliyekusudia hayo. Sinia ziliingizwa kwa hofu ya kunguru wa alfajiri.

Hesabu ya chumvi

Inafaa kuifanya hesabu hii kwa kilo moja ya vipande, kwa sababu ndipo chanzo cha povu kinapoonekana. Kilo moja ya embe mbichi ina takriban gramu 850 za maji na 150 za vitu vingine.

Januari: kikombe cha mililita 250 cha chumvi ya mawe kina karibu gramu 240, kwa hiyo vikombe vitano ni kilo 1.2 kwa vipande vya kilo 11, au gramu 110 kwa kilo. Tuseme theluthi moja huondoka na maji yanayochujwa, zikabaki kama 75. Vipande vikikauka mpaka vibaki nusu kilo, ndani yake mna maji ya gramu 275 hivi. Chumvi 75 katika maji 275 ni zaidi ya asilimia 21. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa hufika 26. Hakuna hamira ya kawaida, yaani vijidudu vinavyochachusha sukari na kutoa povu, inayofurahi humo.

Juni: vikombe vitatu ni gramu 720, yaani 65 kwa kilo. Zikabaki kama 45. Vipande vya mkeka vilikuwa na robo tatu ya uzito wao, kwa hiyo kila kilo ya mwanzo ilibaki na maji ya gramu 555. Chumvi ndani ya maji hayo ni asilimia saba na nusu. Maji ya bahari yana tatu na nusu. Ni mara mbili ya bahari tu, na hamira nyingi huishi humo bila wasiwasi.

Tena kikombe si kipimo cha kuaminika hapa. Kikombe hicho hicho kikijazwa chumvi laini ya pakiti kina karibu gramu 300. Chumvi ya mawe ya Gongoni yenye punje kubwa huacha nafasi nyingi za hewa na kupungua. Nyumba inayobadilisha chumvi bila kubadilisha kikombe imebadilisha mapishi. Mizani ndogo ya jikoni ndiyo ya kununuliwa kabla ya embe.

Ile sababu ya presha ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa, ila haitatuliwi ndani ya chupa ya kukaa kabatini. Achari yenye chumvi pungufu ni chakula cha friji. Mzee atiwe chupa yake ndogo ya siki, ikae friji, iliwe ndani ya wiki mbili. Au ale kipande kimoja cha achari ya kawaida. Kupunguza chumvi kwenye ndoo nzima ili mtu mmoja aile kunaharibu achari ya wote, naye hafaidiki.

Ngowe haikuwa mbichi

Dodo za Januari zilikuwa ngumu, nyeupe ndani, kali kiasi cha kukunja uso. Ngowe za Juni zilinunuliwa kwa kuwa ni rahisi, na wauzaji huteremsha bei embe inapokaribia kuiva. Zilikuwa tosa: kijani kwa nje, lakini karibu na kokwa nyama imeanza unjano.

Embe ikiwa mbichi ina wanga na asidi nyingi. Ikianza kuiva wanga hugeuka sukari na asidi hushuka. Mbichi kabisa ina pH (kipimo cha asidi: namba ikipungua, asidi imezidi) ya karibu 3. Bivu huweza kukaribia 4.6 na hata kuipita. Namba hiyo 4.6 ndiyo mpaka wa hatari, kwa kuwa juu yake vijidudu vya botulizimu, ambavyo hutoa sumu inayoweza kuua, huweza kuota mahali pasipo hewa, na chini ya mafuta hapana hewa. Tosa huwa katikati, haitabiriki. Kwa hiyo hamira za Juni zilipata sukari, maji na chumvi ya kuvumilika, vyote ndani ya chupa moja.

Kuijua tosa si kazi: kata embe moja kati ya kumi mpaka kwenye kokwa. Ukiona unjano, hiyo si ya achari ya mafuta. Anayetaka uhakika zaidi adondoshee iodini ya duka la dawa kwenye kipande kimoja. Kikiwa cheusi-buluu mahali pote, wanga ungali upo; kikibaki na rangi ya kahawia, sukari imeshaingia. Kipande hicho hutupwa.

Msimu wa mvua pia huleta embe zenye madoa meusi ya kuvu kwenye ganda, na nzi wa embe aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hutaga kwenye tunda linaloelekea kuiva. Embe zilizookotwa chini ya mti, zenye tundu au doa laini, hazitiwi, hata kwa kukata upande mzuri.

Kwa nini nyingine ukungu na nyingine povu

Chupa zote 17 zilikuwa na vipande vya mkeka, kwa hiyo zote zilikuwa na maji mengi. Zilitofautiana juu. Zile 9 hazikujazwa mafuta hadi kufunika, vipande vikachomoza. Ukungu unahitaji hewa, na pale ilikuwapo. Zile 8 zilifunikwa, lakini ziliongezwa maji ya chumvi. Mafuta huzuia hewa peke yake; hayaui kitu. Hamira haihitaji hewa ili kuchachusha sukari, ikafanya kazi yake chini ya mafuta, na gesi ikasukuma kifuniko.

Mafuta huchemshwa hadi yaanze kutoa moshi mwembamba, yakaachwa yapoe kabisa, ndipo yamiminwe. Baada ya kumimina, zungusha kijiko kikavu pembeni mwa chupa ili mapovu ya hewa yatoke. Siku mbili baadaye vipande vitakuwa vimenywa mafuta na kuchomoza. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa chupa imeshawekwa kabatini na hakuna anayeitazama. Ongeza mpaka mafuta yasimame sentimita moja juu ya kipande cha mwisho. Kwa kilo moja ya vipande vibichi andaa mililita 350, si 200.

Kuhusu kitunguu saumu, ambacho hapa hakikutumika lakini nyumba nyingi hupenda: hakina asidi ya kutosha. Kisitiwe kibichi moja kwa moja ndani ya mafuta.

Zilizotupwa na zilizookolewa

Zile 17 zilimwagwa zote. Ushauri wa kukwangua ukungu na kula chini yake haufai. Nyuzi za ukungu hushuka ndani kuliko jicho linavyoona, tena ukungu hula asidi, kwa hiyo chakula kilicho chini yake hakina tena ukali uliokuwa ukikilinda. Zenye povu huenda zilikuwa na asidi ya kutosha, huenda hazikuwa nayo; kwa tosa yenye chumvi kidogo chini ya mafuta, hilo si jambo la kuonja ili kujua.

Zile 7 pia hazikurudishwa kabatini, kwa sababu chumvi yao ilikuwa pungufu vile vile. Zilimiminwa kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, zikaongezwa siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, mililita 100 kwa kila chupa, zikachemka dakika 10, zikawekwa friji ziliwe ndani ya mwezi. Ladha yake iligeuka kuelekea chatne. Sufuria za kawaida za aluminiamu zisitumike hapa wala kwenye kulaza chumvi: asidi na chumvi huitoboa, na achari huwa ya kijivu.

Embe za Juni zitiwe vipi

Jibu la kwanza ni siki, bila jua kabisa. Kilo moja ya vipande vya embe mbichi, chumvi gramu 60, usiku mmoja. Chuja, futa kwa kitambaa safi. Kaanga bila mafuta haradali gramu 20, uwatu gramu 5 na pilipili nzima sita, kwa moto mdogo, maana viungo vilivyokaa dukani wakati wa masika huwa na unyevu. Haradali ipondwe baada ya kukaangwa. Pakia chupani, chemsha siki mililita 600 na sukari kijiko kikubwa kimoja, mimina ikiwa moto hadi ifunike. Kaa nayo wiki moja kabla ya kula. Hii haina utamu mzito wa achari ya mafuta, na wanaoipenda ile ya kale hulalamika, ila haifuri.

Anayetaka mafuta lazima akaushe kwa mizani. Pima sinia tupu, andika uzito wake kwa kalamu chini yake. Pima vipande kabla ya chumvi. Chumvi gramu 120 kwa kilo, manjano gramu 10. Chuja baada ya saa 24 na umwage maji yake. Mchana juu ya mabati kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, kabla ubaridi haujaingia; kisha ndani, sinia zikiwa zimeinuliwa juu ya matofali mawili mbele ya feni, chumba kisichopikiwa wali wala kuchemshiwa chai. Feni usiku haitakausha sana hewa ikiwa nzito, lakini inazuia umande kutua. Pima kila asubuhi. Kilo moja ikifika gramu 500 imekwisha, iwe ni siku ya tatu au ya saba. Ikiwa siku ya nne bado ni 750 na mawingu hayajafunguka, usingoje utelezi uanze. Hamishia kwenye siki.

Ngowe tosa zenyewe hazina budi kuachwa ziive. Nyama yake haina nyuzi, inasagika vizuri, na ikigandishwa kwenye mifuko bapa ya nusu kilo hukaa miezi kadhaa. Mifuko bapa ipangwe ikigusana: stima ikikatika, donge kubwa lililogandana huchelewa kuyeyuka.

Na kuna njia ya kale kidogo, ya kutunza embe mbichi za kusi mpaka kaskazi irudi. Vipande kilo moja, chumvi gramu 200, tabaka kwa tabaka ndani ya ndoo ya plastiki ya chakula yenye kifuniko. Sahani juu, na juu ya sahani chupa iliyojaa maji, ili kila kipande kizame. Baada ya siku mbili maji yake yenyewe yatakuwa yamefunika. Yasipofunika, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa yenye gramu 200 za chumvi kwa lita. Utando mweupe ukitokea juu, uenguliwe mapema kwa kijiko kikavu. Vipande vikianza kuteleza mkononi kama bamia, ndoo nzima imekwenda. Vikibaki vigumu, huachwa mahali pa kivuli hadi Desemba, vinaloweshwa maji mara tatu kwa siku moja mpaka chumvi ivumilike mdomoni, ndipo vinapandishwa juu ya mabati na chandarua juu yake.